Jani la bay au tejpata? Kuyatambua, kuyapika na kuyapanda Mombasa

Swali la msomaji wa Kisauni, mpishi wa pilau na biriani za shughuli: "Majani ya bay ninayonunua Marikiti siku nyingine yananuka kama dawa, siku nyingine yanakaribia mdalasini, na pakti nyingine hazinuki kabisa. Juzi nilipika pilau ya kilo 10 za mchele nikatia majani 30, likatoka chungu. Ni jani moja hili au ni majani tofauti? Na mti wake naweza kuuotesha uani nikaanika majani yangu mwenyewe? Udongo wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yana chumvi."

Shukran, dada. Umeeleza dalili zote, na dalili zenyewe zinatoa jibu: umekuwa ukinunua majani ya miti miwili tofauti kwa jina moja. Kila jani lina harufu yake, kipimo chake na wakati wake wa kuingia sufuriani. Ukiyatambua, nusu ya matatizo uliyoyataja yamekwisha.

Chukua jani moja zima, lipanguse vumbi, uliinue kuelekea mwanga wa dirisha. Ukiona mshipa mmoja mnene katikati, na mishipa midogo ikitoka ubavuni mwake kama miiba ya samaki, hilo ndilo jani la bay lenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Laurus nobilis, mti wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na Uturuki ndiyo muuzaji mkubwa wa majani yake. Huwa na urefu wa sentimita 5 hadi 10, ni gumu, kingo zake zina mawimbi kidogo, na upande wa juu unang'aa kuliko wa chini. Livunje ulinuse: linakaribia mkaratusi na dawa ya kuchua kifua. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta yake ni sineoli, kile kile kinachonukia kwenye mkaratusi. Waarabu wanauita mti huu ghar, na ndio ghar wa sabuni ya Aleppo, ingawa mafuta ya sabuni hukamuliwa kwenye tunda.

Ukiona mishipa mitatu mirefu inayoanzia karibu na kikonyo na kwenda sambamba mpaka karibu na ncha, hiyo ni tejpata. Mti wake ni Cinnamomum tamala, wa India kaskazini na Nepal, ndugu wa mdalasini. Jani lake ni refu zaidi, mara nyingi sentimita 10 hadi 20, rangi yake ni ya zeituni iliyopauka, na ukilishika ni jepesi kama karatasi. Harufu yake ni ya mdalasini na karafuu kwa pamoja, tena ya upole. Kwa hivyo pakti iliyonuka dawa ilikuwa bay, na iliyokaribia mdalasini ilikuwa tejpata. Maduka ya viungo yanayoleta mizigo kutoka India mara nyingi ndiyo yenye tejpata, na pakti ndogo za supamaketi mara nyingi ndizo zenye bay, lakini usitegemee jina lililoandikwa. Tegemea mishipa.

Majani haya mawili hayashiki nafasi moja. Mapishi ya biriani ya Kihindi yanaposema majani manne ya bay, karibu kila mara yanakusudia tejpata. Ukitia manne ya Laurus, chakula kizima kitanuka dawa. Kinyume chake, tejpata kwenye supu ya maharagwe au mchuzi wa nyanya haiharibu kitu, ila ile harufu kavu ya bay hutaipata.

Pakti isiyonuka ni majani yaliyochakaa tu. Mafuta ya jani la bay lililokauka ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake, na mafuta hayo yanapaa. Pakti ya nailoni iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka, jua likiipiga tangu asubuhi, inabaki na jani zuri la kutazamwa lisilo na kitu ndani. Unyevu wa pwani nao hurudi ndani ya jani lisilofungwa vizuri, likawa laini na likaanza kunuka uvundo. Kabla ya kununua kwa wingi, omba jani moja ulikunje. Linalofaa huvunjika kwa mlio, halijipindi kama kitambaa. Rangi iwe ya kijani, hata kama imepauka; hudhurungi ni uzee, au ni kuanikwa juani. Madoa meusi ni ukungu. Chungulia sehemu ya chini ya pakti pia: ukikuta vipande, vijiti na vumbi vingi, unalipia takataka. Ukiwa nyumbani na bado una shaka, tumbukiza jani moja katika kikombe cha maji ya moto, ufunike kwa dakika 5, kisha ufunue ukinuse. Jani lisilotoa kitu hapo halitatoa kitu kwenye sufuria ya kilo 10.

Na usinunue mengi. Jani moja kavu la bay halifiki hata nusu gramu, kwa hivyo gramu 50 ni zaidi ya majani mia moja. Hata kwa mpishi wa shughuli hayo ni mapishi mengi.

Hapa pana tahadhari tunayoomba uichukue kwa uzito. Mombasa kuna nyua nyingi zenye ua la oleanda, lile la maua ya pinki, meupe au mekundu linalopandwa kandokando ya barabara na kwenye mahoteli. Jani lake ni refu, gumu na la kijani kibichi, na mtu asiyejua anaweza kulidhani bay. Oleanda ni sumu ya moyo, mti mzima, na kuipika au kuikausha hakuiondoi sumu hiyo. Majani yake ni membamba kama kisu na kwa kawaida hutoka matatu matatu kwenye pingili moja ya tawi, wakati ya bay hutoka moja moja, kwa zamu, kulia na kushoto. Tena oleanda haina harufu ya kiungo hata kidogo. Jani lolote usilolijua mti wake, au lisilonukia ukilifikicha, lisiingie jikoni.

Sasa pilau lako. Uchungu umetoka sehemu mbili, wingi wa majani na mahali yalipokaa. Kwa kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya nyama, majani 2 ya bay yanatosha, au 3 ya tejpata. Wapishi wengi wakifika kilo 10 huzidisha kwa kumi, na hapo ndipo wanapokosea. Sufuria kubwa hukaa na moto kwa muda mrefu zaidi, na uso wake wa kupotezea mvuke ni mdogo ukilinganisha na chakula kilichomo, kwa hivyo jani hutoa zaidi na harufu haipotei haraka. Kwa kilo 10 tia bay 10 hadi 12, au tejpata 15 hadi 18, usivuke hapo.

Jani la bay liingie pamoja na nyama, maji yakiwa bado baridi. Lichemke polepole kwa dakika 45 hadi saa nzima, nyama ikiiva na jani nalo limekwisha kazi. Litoe kabla ya kutia mchele. Kwa pilau la mkaa juu na chini hili ni la lazima, kwa sababu jani lililolala chini ya sufuria huungua pamoja na ukoko, na jani la bay lililoungua ni chungu kweli kweli, uchungu unaopanda mpaka juu ya wali. Ili usihangaike kuyasaka kwenye mafuta na vitunguu, yafunge katika kipande cha kitambaa chepesi cha pamba kisicho na rangi, pamoja na vijiti vya mdalasini, ukifunge kwa uzi mrefu unaoning'inia nje ya sufuria. Sufuria ya shughuli ina wageni mia na watoto ndani yao. Jani la bay halilainiki hata lipikwe siku nzima, na kipande chenye ncha kinaweza kukwama kooni. Kwa sababu hiyo hiyo usilivunjevunje wala usilisage pamoja na bizari ya pilau. Liingie zima, litoke zima.

Tejpata hupikwa kwa namna nyingine. Hiyo huingia kwenye mafuta ya moto pamoja na iliki, karafuu na mdalasini, sekunde 20 hadi 30, mpaka kingo zianze kubadilika rangi na harufu ipande. Vitunguu vifuate mara moja ili vipoze mafuta. Ukichelewa ikawa nyeusi, itoe utie nyingine. Usijaribu kuiokoa.

Maharagwe, mbaazi, supu ya mifupa, mchuzi wa nyama ya mbuzi: jani moja la bay kwa sufuria ya watu sita, tangu mwanzo. Samaki wa kupaka tungeliacha kabisa. Tui la nazi ni laini, na harufu ya mkaratusi inalifunika.

Kuhusu kupanda. Mti wa bay unaota Mombasa, lakini haufurahii. Kwao kiangazi ni kikavu na kipupwe ni cha baridi na mvua. Hapa hupata joto na unyevu mwaka mzima. Utaishi, utakua polepole mno, na majani yake utayachuma kwa kuhesabu. Nyanda za juu zenye baridi, upande wa Limuru kwa mfano, zinaufaa zaidi. Kwa uani Kisauni, tungekushauri upande mdalasini, Cinnamomum verum, mti ule ule wa Unguja na Pemba. Jani lake lina mishipa mitatu kama tejpata, harufu yake imeegemea zaidi karafuu kwa sababu limejaa yujenoli, kile kile kinachonukia kwenye karafuu, na kwenye pilau na biriani linashika nafasi ya tejpata bila matatizo. Tia pungufu kidogo, mawili badala ya matatu. Mti huu umezoea joto la pwani, na ukifika miaka kadhaa unakupa na magome juu yake.

Shida yako itakuwa udongo na maji. Matumbawe ni chokaa, na mdalasini hupenda udongo wenye asidi kidogo. Dalili utaiona kwenye majani machanga: yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huko si kukosa maji, ni kukosa madini ya chuma, ambayo yako ardhini lakini chokaa imeyafunga. Kwa hivyo chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, uvunje mwamba ukiufikia, na mawe meupe yote uyatoe. Usirudishe udongo ule ule. Jaza udongo mwekundu wa juu sehemu mbili kwa sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Kama mwamba uko juu sana, jenga tuta la matofali la nusu mita, kisha upande mche juu yake. Funika shina kwa majani makavu unene wa kiganja, lakini yasiguse gome. Umanjano ukitokea hata hivyo, nyunyizia majani mbolea ya maji yenye madini ya chuma asubuhi mapema.

Maji ya kisima yenye chumvi usiutilie mche. Chumvi huanza kuunguza ncha za majani, kisha kingo, kisha jani zima hudondoka, na kufikia hapo mizizi imeshaumia. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au mwagilia kwa maji matamu ya mitungi. Mche mmoja unatosheka na lita 5 kila siku mbili wakati wa kaskazi, na mvua za mwaka, yaani masika, zikianza utapumzika. Wakati mzuri wa kupanda ni hapo hapo mvua za mwaka zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili. Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, ufunikie kijivuli cha makuti.

Mbegu za mdalasini hufa haraka. Zikikaa wiki chache nje ya tunda haziwezi kuota, basi usinunue mbegu kavu za pakti. Chuma tunda jeusi lililoiva, toa nyama, osha, panda siku hiyo hiyo kivulini. Baada ya wiki mbili tatu utaona chipukizi. Mche wa kitalu ni rahisi zaidi. Ukiletewa mche au mbegu kutoka nje ya nchi, hata Unguja, unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla haujavuka mpaka.

Mdalasini ukiachwa hurefuka ukakushinda. Ukifika miaka 2 au 3, kata shina sentimita 15 juu ya ardhi mwanzoni mwa mvua. Utatoa machipukizi mengi kama kichaka. Acha manne hadi sita yaliyonyooka. Hapo majani yako karibu na mkono.

Ukiwa bado moyo wako uko kwa bay, uweke kwenye chungu. Chungu cha upana wa sentimita 40 chenye matundu, udongo sehemu mbili, mboji moja, na kokoto ndogo au mchanga wa mtoni moja. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Uweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri, na upepo upite. Utie maji tu ukichomeka kidole na kukuta udongo umekauka mpaka pingili ya pili. Mizizi inayokaa majini wakati wa mvua za mwaka ndiyo inayoua miti mingi ya bay huku pwani kuliko jua. Vijiti vyake huchukua miezi 2 hadi 4 kutoa mizizi. Kata vya sentimita 12 vilivyoanza kukomaa, punguza majani ya juu nusu, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Panda kumi. Ukipata vitatu, umefanya vizuri.

Miti yote miwili hushambuliwa na wadudu wa magamba, vidoa vya kahawia vilivyoganda chini ya jani kando ya mshipa. Wanatoa utamu, utamu unaleta sisimizi, kisha ukungu mweusi kama masizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza jani utazame. Sugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, jioni, urudie baada ya wiki. Majani yaliyopakwa sabuni usiyachume mpaka yameoshwa na kupita wiki mbili.

Kuanika ndiko kunakotenganisha jani la kuuza na jani la kutupa. Chuma majani magumu ya kijani kilichokolea, si yale mekundu laini ya juu, na usivue mti zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Chuma asubuhi umande ukishakauka, wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, ambapo mvua ni chache. Osha haraka, pangusa kila jani. Tone likibaki litaacha doa jeusi. Yatandaze juu ya uteo, safu moja, yasipandane, uuweke ndani mahali penye upepo na kivuli. Siku ya pili yatalegea. Siku ya tatu au ya nne kingo zitaanza kujikunja: hapo weka uteo mwingine juu yake wenye uzito kidogo ili yakauke yakiwa bapa, na kila asubuhi uyageuze. Siku ya 7 hadi ya 12 kikonyo kitavunjika kwa mlio, na hiyo ndiyo alama yako, kwa kuwa kikonyo hukauka mwisho. Jua kali hukausha kwa siku mbili, ndiyo, lakini huondoka na rangi na nusu ya harufu. Ukitumia mashine ya kukaushia, usivuke digrii 45. Kilo 1 ya majani mabichi itakuachia nusu kilo au pungufu, basi hesabu bei yako kwa kavu. Jani bichi la bay usilipike siku lilipochumwa, ni chungu; likikaa siku mbili tatu uchungu hupungua.

Umesikia pengine kwamba jani la bay kwenye pipa la mchele au unga hufukuza fukusi. Harufu huwasumbua kidogo, lakini mayai yaliyokwishatagwa ndani ya punje haiyagusi. Kwa mchele wa shughuli, uweke kwenye friza siku 4, kisha uhifadhi kwenye chombo kinachobana. Na wale wanaochemsha majani haya kwa ajili ya sukari au presha, wasiache dawa ya daktari kwa sababu yake.

Weka majani yako kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na dirisha, na uandike tarehe. Baada ya mwaka mmoja badilisha. Wiki ya kwanza ifungue chupa kila siku uangalie ukuta wa ndani. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, majani hayajakauka: yarudishe yote kwenye uteo siku mbili zaidi kabla hayajaota kuvu.